Mashujaa Wanapokutana Tandika

Yako mabishano yasiyolala katika vijiwe vyetu vya Kinondoni na Temeke. Si yale ya Simba na Yanga, hayo mwayajua. Ni haya: Superman akipigana na Hulk, nani atashinda? Wazee hupita wakitikisa vichwa. Kwa ajili yao nieleze kidogo.

Superman alizaliwa vitabuni huko Marekani mwaka 1938, na Batman akamfuata mwaka 1939. Kila shujaa ana kampuni yake, na kampuni hizo hushindana kama wenye maduka wawili wa mtaa mmoja. Hata mwaka 1976 kampuni mbili kubwa, DC na Marvel, zikapatana kuwakutanisha Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja. Watu wakatoa fedha zao wapate kujua nani mbabe. Kumbe mashujaa wale walizipiga kidogo tu, kisha wakashikana mikono wakaenda kuwapiga waovu. Jibu halikutolewa, maana ni mwenye duka gani atakubali bidhaa yake ianguke mbele ya wateja? Mtindo huo ukaingia na katika sinema. Mwaka 2018 na 2019 Marvel waliwajaza mashujaa katika filamu za Avengers kama abiria wa daladala ya jioni.

Basi, muuzaji asipotoa jibu, mtani hulitoa. Hilo si geni: gazeti la Mad la Marekani lilimfanyia Superman masihara tangu mwaka 1953. Ila vijana wetu, nionavyo mimi, wana chumvi zaidi. Wasema Spider-Man akiletwa Tandika atakwenda kwa miguu, kwani nyumba zetu ni za chini, na uzi wake ataufunga wapi? Akipanda daladala, konda hatambui barakoa, anatambua nauli. Superman naye hana pa kubadilishia nguo. Akijificha kwa mama lishe atapewa kwanza sahani azioshe. Na Hulk, ambaye huchana nguo kila akasirikapo, fundi cherehani wa Mtoni amekataa kumkopesha tena.

Uchekeshaji huu una ukoo hapa kwetu. Waliosoma gazeti la Sani wanawakumbuka Lodi Lofa, Pimbi, Ndumilakuwili na Madenge. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuruka angani, na tuliwapenda. Kabla yao, mwishoni mwa miaka ya 1960, wazee hawa hawa wanaotikisa vichwa walikuwa vijana wakigombania African Film, wapate kumwona mpelelezi Lance Spearman na kofia yake.

Yupo mzazi aliyenijia katika ofisi ya parokia na daftari la mwanawe wa Darasa la Sita. Katika kurasa za nyuma mtoto alichora Samsoni akishindana na Hulk kuinua lori. Samsoni ameshinda, ila analia kwa sababu kinyozi anamngoja nje. Mzazi aliona kuwa ni kufuru. Alikwisha kuzichana kurasa zile, akanibandikia vipande mezani, na ataka Paroko atangaze kwamba vitabu vya namna hii ni marufuku.

Mimi ni karani tu, sitangazi marufuku. Lakini, mzazi mwenzangu, viunge vipande hivyo utazame tena. Sisi twajua utani. Mnyamwezi humtania Mzaramo hata msibani, wala hakuna anayedhani kwamba marehemu ametukanwa. Mtani hana budi kuwajua watu wake. Mgeni akithubutu kusema maneno yale yale atafukuzwa. Na mtoto aliyemchora kinyozi ameisoma sura ya 16 ya Waamuzi, tena ameielewa: nguvu za Samsoni hazikuwa mali yake mwenyewe. Ni wangapi katika kwaya yetu wangeweza kulieleza hilo kwa mchoro mmoja? Ninayemhofia mimi ni mtoto asiyecheka, yule ayasadikiye yote, ajifungaye kanga shingoni na kupanda juu ya ukuta.

Si masihara yote nayatetea. Yako ya kuwacheka vilema na wanene, yaliyovikwa nguo za Superman yapate kupita. Hayo yachanwe.

Na jambo moja zaidi kwa wabishani wa vijiweni. Mara moja Superman alipigwa waziwazi. Ilikuwa mwaka 1978, na aliyempiga kitabuni ni mtu halisi, Muhammad Ali, baada ya Superman kuondolewa nguvu zake ili shindano liwe la haki. Miaka miwili baadaye, Februari 1980, Ali alifika hapa Dar es Salaam kwa miguu yake, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow. Waandishi wa habari wakamwuliza mbona Marekani haikutuunga mkono tuliposusia Olimpiki ya mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Mashujaa wawili katika mji mmoja, wasikutane! Hakuna kampuni ambayo ingethubutu kuchora hivyo.

Tanzania ikaenda Moscow. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, kila mmoja yake. Katika madaftari yote niliyoonyeshwa, hao sijawaona bado.