Karte tulinunua na pesa yetu, mutuachie tuandike

Kamarade, ndugu na dada wa Butembo, Beni, Bunia, Goma, Bukavu, Lubumbashi, na wewe mwenye kusoma hii ku simu ya kioo kilichopasuka,

Leo hatuongelei barabara wala walimu wasiolipwa. Tunaongelea kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: karte memwari. Najua wengine watacheka. Watasema hawa vijana wamekosa kazi mpaka wanalilia karte. Kazi nimekosa, ni kweli, diploma yangu ya informatiki inalala ndani ya farde tangu miaka miwili. Lakini hapa hatulilii plastiki. Tunauliza swali moja: simu ukiisha kuilipa, nani anaamuru namna ya kuitumia?

Simu zetu nyingi zinakuja na nafasi ya giga 16 ao 32, na mfumo unajikatia kipande chake mbele hata hujaandika namba ya mama yako. Basi unaenda kununua karte. Simu inaiona, inaandika wazi kwamba giga 32 ziko huru. Kisha unataka kurekodi mkutano, programu inajibu: nafasi imejaa. Unafungua karte, iko tupu kama mfuko wa mwanafunzi mwisho wa mwezi. Nafasi iko, ruhusa ndiyo hakuna. Na jana, mbele hujabonyeza ule ujumbe wa "mise à jour disponible", ruhusa ilikuwako.

Hii haikuanguka toka mbinguni. Iko na tarehe. Mnamo 31 Oktoba 2013 Google ilitoa Android 4.4, ile ya jina la KitKat. Mbele yake, ku simu nyingi, programu ukiisha kuipa ruhusa ya kuandika, ilikuwa inaandika ku karte pahali unapotaka. Toka KitKat, programu uliyoshusha mwenyewe inaweza kusoma karte, lakini kuandika inaandika ndani ya folda yake tu, na folda hiyo inafutwa siku unapoondoa programu. Zile programu zilizokuja na simu toka kiwandani hazikufungwa namna hiyo. Umeona? Wageni uliowaalika wewe wanabaki inje, wale walioletwa na mjenga nyumba wanapita na ufunguo. Mwanzo wa 2014, Samsung ilipopeleka sasisho hilo ku Galaxy S4 na Note 3, watu walilala na simu nzima, wakaamka programu zao za kupanga faili haziwezi kuhamisha hata wimbo mmoja.

Na simu gani ilileta KitKat duniani? Nexus 5, ya Google yenyewe. Haikuwa na kitundu cha karte hata kidogo. Ya giga 16 iliuzwa dola 349 kule Marekani, ya giga 32 dola 399. Dola 50 kwa giga 16 za zaidi! Sina barua ya siri ya kuwaonyesha, wala sitaki kuzua. Niko na bei tu. Mwende muulize ku soko karte ya giga 16 ni pesa ngapi, kisha mulinganishe.

Watu walipiga kelele, na Android 5 ya mwaka 2014 ikafungua dirisha: programu inaweza kukuomba folda, wewe unaichagua, unaikubalia. Nzuri. Lakini kila mtengenezaji wa programu alipaswa kuandika upya kazi yake, na wengi hawakuandika. Mwaka 2015, Android 6 ikaja na ujanja mwingine: karte inaweza kugeuzwa kuwa sehemu ya tumbo la simu. Inafutwa yote, inafungwa kwa siri, na toka hapo inasomeka ku simu hiyo moja tu. Kwa mtu wa simu moja, nyumba moja, labda inafaa. Kwetu karte ni kitu cha kutembea. Asubuhi iko ku simu, saa sita iko ku kaspika ka kinyozi, mangaribi iko ku radio ya mjomba kule shambani. Simu ikiibiwa ao ikianguka ndani ya maji, ile karte iliyofungwa inakuwa kaburi la picha zako.

Kisha 2019 na 2020, Android 10 na 11. Hapo ndio kitanzi kilikazwa kabisa. Programu mpya haiwezi tena kuangalia kila faili ya programu nyingine. Programu ya kupanga faili, ambayo kazi yake yote ni kupanga faili, inapaswa kuomba ruhusa ya pekee, na ikitaka kukaa ku Play Store, Google ndiyo inapima kama ombi lake lina maana. Tena ku simu nyingi, hata wewe mwenyewe ukitaka kuikabizi programu karte nzima kwa mara moja, mfumo unakataa. Utoe folda moja moja, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Sasa tuwe wa haki. Sababu wanayotoa si uongo mtupu. Karte hizi zinapangwa kwa namna ya zamani ambayo haijui faili hii ni ya nani. Kwa hiyo programu ya tochi, ukiipa ruhusa, ilikuwa inaweza kuchungulia picha za dada yako. Na ziko programu nyingi chafu, tunazijua, za mikopo, za kubashiri mechi, zinataka kusoma kila kitu. Kufunga mlango mbele ya mwizi ni sawa. Lakini mlango wa nyumba yangu, ufunguo unabaki kwangu. Wangeweza kuweka swali moja wazi: "Programu hii inataka kuandika ku karte yako yote. Unakubali?" Ningejibu ndiyo ao hapana. Niko mtu mzima, nachagua mpaka raisi wa nchi (wakituachia), ninashindwa kuchagua programu?

Mahali pa ufunguo, tulipewa wingu. Weka picha ku wingu, wanasema, ni salama. Mwaka 2015 Google Photos ilisema picha zako, bila mwisho, bure, ikiwa unakubali zipunguzwe ukali kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 bure hiyo ikakatwa: picha mpya zinahesabiwa ndani ya giga 15, pamoja na barua zako za Gmail na mengine yote. Zikijaa, unalipa kila mwezi. Karte unailipa mara moja, wingu unalilipa mpaka ufe. Na hapa hatujaongelea mega. Mwenzetu wa Brussels anapandisha video usiku akiwa amelala. Wewe wa Butembo, kupandisha video moja ya dakika kumi ni kuchagua kati ya mega na sahani ya fufu na sombe. Tena umeme uwepo, na rezo ikubali.

Na rezo isipokubali? Ao ikikatazwa kukubali?

Mukumbuke 2018. Uchaguzi wa raisi ulipigwa 30 Desemba, lakini Beni na Butembo waliondolewa, wakaambiwa wangoje mpaka Machi 2019, sababu Ebola na usalama. Watu wa Beni wakapanga mistari siku ile ile, wakapiga kura yao ya kujionyesha, wakanawa mikono, wakapimwa joto, ili dunia ione kwamba ugonjwa hauzuii kura. Kesho yake, 31 Desemba, intaneti ikakatwa nchi nzima. Karibu siku 20. Mwezi wa kwanza 2015 walikuwa wamefanya hivyo pia, wakati watu walipotoka barabarani kupinga sheria ya uchaguzi. Katika siku kama zile, wingu liko wapi? Wingu liko California. Ushahidi uko mfukoni mwako, ku karte. Unaitoa, unaifunga ndani ya karatasi ya bonbo, unamupatia motari, anaipeleka mji mwingine, kule inaingia ku simu nyingine na inasomeka. Hakuna mega, hakuna neno la siri, hakuna wa kukata.

Ndiyo maana nakasirika na watu wanaosema karte ni kitu cha kizamani. Kizamani kwa nani? Kwa mtu ambaye intaneti yake haijawahi kuzimwa na amri ya serikali.

Ongeza na mkate wa watu. Ingia ku kitongoji chochote cha mji huu, utakuta kijana na ordinatere ya zamani, paneli moja ya jua, na karatasi ukutani: "Tunaweka nyimbo, mahubiri, filamu." Wengi wao ni wenzangu wa chuo. Licence mukononi, wanaishi kwa kujaza karte za watu. (Ziko filamu ambazo haki ya mwenye kuzitunga hailipwi, hilo ni neno lingine na tutaliongelea siku yake, sitalifunika.) Lakini mahubiri ya mchungaji wa mtaa, kwaya iliyojirekodi yenyewe, masomo ya Exetat ambayo mwalimu aliyasoma kwa sauti, hivyo pia vinapita mule. Siku hizi mteja anarudi na hasira: "Uliniwekea nyimbo, simu haizioni." Nyimbo ziko. Programu ya muziki ndiyo haikupewa njia. Kijana anarudisha pesa.

Na wanafunzi! Rafiki yangu mmoja alikuwa anaandika memwari yake ya mwisho ku simu, juu ordinatere hana. Programu ilikuwa inaweka kazi ku karte, ndani ya ile folda yake yenyewe. Simu ikawa nzito, mtu akamushauri aondoe programu kisha airudishe. Akaiondoa. Mfumo ukafuta folda, na kurasa arobaini zikaenda nayo. Yeye alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba kitu kikiwa ku karte kiko salama. Memwari ilikufia ku karte memwari. Tulicheka siku ile sababu hatukuwa na kingine cha kufanya.

Wimbo wa koltani munaujua, sitauimba wote. Tantali ya Rubaya, kobalti ya Kolwezi, bila hivyo simu zao zinabaki mchoro. Tunawachimbia nafasi ya kuweka vitu, kisha wanatuuzia nafasi hiyo kwa kipimo cha kijiko. Basi, tuendelee.

Mutu ataniambia: Google haiwezi kukusikia wewe shomere wa Butembo. Labda. Lakini kampuni hizi zinasikia sheria. Apple ilishika waya yake ya pekee miaka mingi, mpaka Umoja wa Ulaya ukaandika kwamba kila simu mpya inayouzwa kwao toka 28 Desemba 2024 iwe na kitundu cha USB-C. Ikabadilisha. Na sisi tuko na serikali iliyojua vizuri kuzihesabu simu zetu wakati wa RAM, toka 2020 mpaka tulipoipiga kelele ikaondolewa 2022. Ilijua hii ni 2G, hii ni 4G, ilijua kukata uniti mpaka dola 7 kwa mwaka. Jicho lile lile lililotuona wakati wa kulipa litumike sasa kutulinda. Code du numérique iko tangu Machi 2023. ARPTC iko. Kazi yao si kukusanya tu.

Tunachotaka ni hiki. Simu yoyote inayouzwa Kongo iandikwe ku kartoni, kwa Kifaransa na kwa luga zetu nne, kama inapokea karte na kama programu zinaruhusiwa kuandika humo, maana leo muuzaji anasema "inapokea karte" na hasemi uongo, ila hasemi ukweli wote. Sasisho linaloondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi liseme hivyo mbele ya kubonyezwa, kwa maneno ya kueleweka, na likataliwe bila simu kupoteza ulinzi wa usalama. Kufunga matundu ya wezi na kuondoa haki za mwenye simu visiwekwe tena ndani ya kifuko kimoja. Na mwenye simu awe na swali moja la ndiyo ao hapana juu ya karte yake yote.

Wakati tunangoja, mujilinde. Ukitaka kuondoa programu yoyote, fungua kwanza karte na programu ya faili iliyokuja na simu, ingia ndani ya folda ya Android, kisha "data" ao "media", tafuta jina la programu hiyo, na vitu vyako uvikopie ku folda nyingine uliyoiunda mwenyewe. Kama simu inakuzuia kuingia, iunge na ordinatere kwa kamba. Kama bado, toa karte uiweke ku ordinatere moja kwa moja, pale kwa kijana wa nyimbo, atakusaidia. Simu ikikuuliza kama karte iwe ya kutembea ao ya ndani, chagua ya kutembea. Na video za maana, za mkutano ama za uvamizi, ziwe ku karte mbili, nyumba mbili.

Toka wiki hii kamarade wa kila kartie wako na daftari. Muwapatie aina ya simu, namba ya Android, mwezi sasisho liliingia na kitu kilichokatazwa. Majina yenu hatuyahitaji. Tukifikisha simu mia moja, daftari linapelekwa ku ARPTC, na kopi inabandikwa mbele ya maduka ya simu, ili mwenye kununua asome mbele ya kulipa.