KISU NA MHANDISI

Askari aliyepata kuugua mawe ya figo anajua kwamba maumivu hayo hayatii amri. Zamani tiba ya jiwe kubwa ilikuwa kisu, na majuma mengi nje ya kazi. Wahandisi wa ndege wa kampuni ya Dornier, katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, walichunguza mawimbi ya mshindo yatokeayo tone la mvua linapoipiga ndege iendayo kasi kupita sauti. Hawakuifungia elimu hiyo kiwandani. Walishirikiana na madaktari wapasuaji wa Munich. Tarehe 7 Februari, 1980, mawimbi ya namna hiyo, yakipitishwa majini, yalivunja jiwe la mgonjwa wa kwanza pasipo kumpasua. Ndugu askari, kikosi kinachojiona kimejitosheleza na kikumbuke: kidole kimoja hakivunji chawa.