Sataranji ya Mashine na Kitabu Chake

Barazani hapa Mtopanga, baada ya swala ya Isha, bao lina wenyewe na dama ina wenyewe. Siku hizi imeongezeka sataranji, nayo huchezwa kwenye simu zaidi kuliko ubaoni. Majuzi kijana mmoja, aliyefungwa na simu yake mara nne mfululizo, aliitupa mkekani akasema, "Hii haina akili, imebeba kitabu tu!" Mzee mmoja akamjibu, "Nawe kibebe basi, mwanangu, tuone." Watu walicheka, lakini swali ni la haki. Mashine hushinda kwa akili yake au kwa kitabu?

Kitabu chenyewe si cha karatasi. Ni hazina ya hatua za kufungulia mchezo, zilizokusanywa kutoka michezo ya mabingwa. Mashine iliyotiwa hazina hiyo haifikirii mwanzoni. Hutazama yaliyomo ikajibu papo hapo, na saa yake ikabaki kwa mapambano ya katikati.

Wala si uzushi wa Wazungu. Mabingwa wa Baghdad walikuwa na mipango yao ya kupanga jeshi mwanzoni, wakiiita ta'biya, neno ambalo wachezaji wa Ulaya wanalitumia hata leo. Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda al-Mawardi mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliandika juu ya mipango hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Tuje kwenye kisa mashuhuri. Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, Garry Kasparov alikaa mbele ya Deep Blue kwa mchezo wa sita na wa mwisho. Hatua ya saba akasukuma askari wa ukingoni. Mashine ikamtoa farasi wake mhanga bila kusita, na Kasparov akasalimu amri katika hatua ya 19. Dunia ikasema mashine imepata ujasiri. Kumbe hatua ile ilikuwamo kitabuni! Kitabu hicho, chenye hali za mchezo kama 4,000, kilitengenezwa kwa mkono kwa msaada wa mabingwa wa sataranji. Basi farasi yule alitolewa na watu, si na mashine. Ni kweli, lakini yaliyofuata mashine iliyatenda yenyewe, na bila nguvu hizo mhanga ule ungekuwa hasara tupu.

Hapo ndipo penye ila ya kitabu. Mashine dhaifu za zamani zilikuwa zikifikishwa na kitabu mahali pazuri, kisha kurasa zikiisha huanza kurudisha nyuma wapiganaji wao, kwa kuwa hazikujua kwa nini zimeletwa pale.

Desemba 2017 ikaja habari ya AlphaZero, iliyofundishwa sheria za mchezo tu ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 na Stockfish ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikushindwa hata mmoja. Wengi walilalamika kwamba Stockfish ilinyimwa kitabu. Lalamiko hilo lilijibiwa mwaka 2018: Stockfish ilipewa kitabu madhubuti, na bado ikashindwa. La ajabu ni kwamba AlphaZero ilizigundua peke yake fungulizi zile zile ambazo wanadamu walizipata kwa karne nyingi.

Siku hizi, katika mashindano makubwa ya mashine, waandaaji ndio wanaochagua ufunguzi, na kila mmoja huchezwa mara mbili kwa kubadilishana pande. Zikiachiwa zenyewe, hutoka sare hadi watazamaji wakasinzia. Kwa maoni yangu, kitabu humfaa zaidi yule ambaye tayari anaweza kucheza kitakapokwisha.

Kijana wetu hakukubali. Amekwisha kuhifadhi hatua kumi na mbili za ufunguzi mmoja, na mashindano ya shule yanakaribia. Juzi mzee alimwanzia kwa kusukuma askari wa ukingoni, jambo lisilokuwamo katika yote aliyohifadhi. Tuliadhiniwa Isha akiwa bado anautazama ubao.