Gereji ya nyumbani: Mashine ya kuoshea spea ingoje, petroli iachwe leo

VIJANA wengi mtaani wanafungua gereji nyuma ya nyumba, wateja wao wakubwa wakiwa watu wa bodaboda. Wakishapata spana za kutosha, swali linalofuata ni mashine ya kuoshea spea: lile karai kubwa lenye miguu, pampu ya stima na paipu inayomwaga kiowevu huku ukipiga brashi. Je, ununue?

Piga hesabu kwanza. Tuseme imekugharimu Sh24,000 na unataka irudishe doo zake kwa mwaka mmoja. Hiyo ni Sh2,000 kila mwezi, kabla ya kiowevu na stima. Ukifungua injini mbili kwa mwezi, kila injini inabeba Sh1,000 za mashine. Ukifungua 20, ni Sh100 tu. Kama wewe ni wa injini mbili, tulia. Usikate kanzu mwana hajazaliwa.

Lakini kukosa mashine si ruhusa ya kuendelea na ule mtungi uliokatwa na kujazwa petroli. Mvuke wa petroli hushika moto hata kukiwa na baridi. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Katika ploti ambako nyumba zimeshikana, cheche moja haikuunguzi peke yako. Isitoshe, petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, nayo huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi.

Njia nyingine ipo, na si ghali. Kwangua grisi, kisha tumia ndoo, maji moto, sabuni ya kuondoa grisi, brashi na glavu. Suuza, kausha upesi, halafu paka mafuta ili chuma kisishike kutu. Kostiki soda usiitumie kwenye pistoni, kwani hula alumini.

Kazi ikishakuwa nyingi, nunua bila wasiwasi. Tafuta mashine ambayo kifuniko chake hujifunga chenyewe moto ukitokea, na utumie kiowevu alichoruhusu mtengenezaji pekee. Petroli isiingie humo kamwe. Ukiamua kuundiwa na fundi wa jua kali, karai linaweza kuchomelewa, ila pampu na nyaya zisiwe za kubahatisha.

Pia jiulize uchafu utaenda wapi. Maji meusi ya grisi yakimwagwa mtaroni huishia mtoni, na sheria ya mazingira ya 1999 inakataza uchafuzi huo. Yaweke kwenye mtungi wenye kifuniko, kisha umkabidhi mzoaji mwenye leseni ya NEMA.

Ushauri wetu ni huu: mashine inunuliwe na wingi wa kazi, si na tamaa ya kuonekana una gereji kubwa. Petroli nayo haihitaji hesabu yoyote. Iache leo, uwe na injini mbili au 20.