Kichaa cha mbwa hakisimami kwenye barrière

Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule mwanasayansi wa Ufaransa ambaye Julai 1885 alimchanja mtoto Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Hapa Gisenyi wengi wetu siku hiyo hutupita kama siku nyingine. Kwa maoni yangu, sisi tunaoishi mpakani ndio tungepaswa kuikumbuka kuliko watu wote.

Suala hili liliingia nyumbani kwangu kwa mlango wa pembeni. Shemeji yangu anayeishi Marekani alipotutembelea alimwona mbwa wetu wa ulinzi, akauliza kama amechanjwa. Akatoa orodha ya chanjo anazopewa mbwa wake kule, mojawapo ikiwa ya ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Akasema yuko tayari kututumia fedha. Mke wangu, ambaye ndiye mhazini wa nyumba, akauliza swali ambalo nadhani wasomaji wengi wangeliuliza: tuna ada za watoto, tuna mituweli, sasa na mbwa naye achomwe sindano?

Ni swali la haki na linastahili jibu la kweli. Chanjo si pambo. Inatolewa kwa ugonjwa uliopo mahali ulipo. Ugonjwa wa Lyme umepata jina lake kutoka mji mdogo wa jimbo la Connecticut, ambako katika miaka ya 1970 watoto walionekana kuvimba viungo kwa wingi. Makao yake makubwa ni misitu ya kaskazini-mashariki mwa Marekani na ya Ulaya, penye kupe wa aina yake. Hata huko, madaktari wa mifugo humwuliza kwanza mwenye mbwa anaishi wapi ndipo washauri. Kupe wetu wana magonjwa yao, na wafugaji wa ng'ombe wanayajua vizuri, maana ndigana kali imewatia hasara tangu enzi za mababu. Kwa kupe wa mbwa, kumkagua na kumwogesha kwa dawa kunatosha. Kwa hiyo chanjo ya Lyme nikamwambia shemeji abaki nayo.

Lakini kichaa cha mbwa ni hadithi nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika kila wagonjwa 100, 99 waliupata kwa mbwa. Kirusi kinaingia kwa mate kupitia jeraha, kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi, na hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa mtu. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, hakuna daktari wa Kigali, Nairobi wala Paris mwenye tiba ya uhakika. Kinachobaki ni kuzika.

Sasa tazama mahali tunapoishi. Gisenyi na Goma ni miji miwili kwenye ramani, lakini nyumba zake zinapeana migongo. Mama anayevusha nyanya na karoti asubuhi anapanga foleni, anaonyesha kitambulisho, anakaguliwa mzigo. Mbwa hapangi foleni. Anafuata harufu ya bucha na jalala, usiku anavuka anapotaka. Tena sisi ni watu wa kukimbia na kukimbiliwa. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walikuja kwetu usiku huohuo, na vita vya Januari 2025 vikawaleta wengine. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na godoro. Mbwa huachwa ajitafutie, na mbwa wa kujitafutia hana wa kumpeleka kwenye chanjo.

Najua wapo watakaosema dawa ni moja tu, mbwa wauawe. Naelewa hasira hiyo inakotoka. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa wa nchi hii walipigwa risasi kwa sababu ambayo kila Mnyarwanda anaijua na sina haja ya kuiandika hapa. Wapo majirani zangu ambao hadi leo hawawezi kumtazama mbwa, na siwalaumu. Lakini hoja ya kuua, hata tukiweka huruma kando, haifanyi kazi. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997, wakaua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Ukiwaondoa mbwa wa mtaa, jalala linabaki, na wengine wanahamia wakiwa hawana kinga. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, na zoezi likarudiwa kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Mfano ulio karibu zaidi ni Pemba. Kisiwa kile kilianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha. Uchanjaji ukalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, wakachanja upya, na mwaka 2018 ukatoweka kwa mara ya pili. Ikiwa bahari yenyewe haikuuzuia, kamba ya mpakani itauzuia?

Mimi nilisomea Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi. Siku ya chanjo ilitangazwa kijijini, na sisi watoto tukawavuta mbwa kwa kamba za katani hadi kwenye josho. Hakuna aliyeuliza mbwa huyu ni wa raia au wa mkimbizi. Tuliorudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo tumekuja na mengi, na desturi hiyo ni mojawapo ya zile zinazofaa kuigwa.

Kwa wafanyabiashara wenzetu wa mpakani nina neno moja la tahadhari. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyokaa kutwa kwenye kikapu juani, hata iwe na karatasi nzuri, ni maji tu. Msinunue wala msiuze chanjo ya namna hiyo. Mwone afisa mifugo wa sekta, mbwa achanjwe, na cheti kiandikwe tarehe.

Na kama mwalimu nina neno kwa wazazi. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeficha jeraha siku tatu kwa sababu alikuwa amemrushia mbwa mawe na aliogopa kuchapwa. Bahati njema, dada yake alimsema, akapelekwa hospitali. Tuwaambie watoto kwamba anayeumwa na mbwa hachapwi. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zilizoandikwa. Jiwe jeusi, tumbaku na majivu ya manyoya havimfiki kirusi aliyekwisha kuanza safari.

Nikarudi kwa mke wangu na hesabu. Sindano ya mbwa mmoja ni moja kwa mwaka. Sindano za mtu aliyeumwa ni kadhaa, na jeraha likiwa baya huongezewa dawa nyingine ya ghali isiyopatikana kila mahali. Tena jirani yangu wa Majengo hafugi mbwa, lakini watoto wake wanapita mbele ya lango langu kila siku. Kinga ya mbwa wangu ni mali yao pia. Mhazini akakubali.

Ombi langu kwa viongozi wa Rubavu na wenzao wa upande wa pili ni dogo. Kuna mambo makubwa ambayo pande hizi mbili hazielewani, na si kazi ya mwalimu kuyaamua. Lakini mbwa wa Gisenyi na wa Goma wakichanjwa katika wiki moja, tutapata faida sote. Tukichanja upande mmoja tu, tutakuwa tunafagia uwanja huku upepo ukivuma.