Ukubwa wa Sauti Si Utamu wa Besi

Kuna imani moja imeota mizizi katika bendi zetu za dansi hapa Dar es Salaam, nayo ni kwamba gitaa la besi halijapigwa mpaka limetikisa vifua vya watu waliosimama mlangoni. Nimepiga besi kwa miaka mingi, na ninaipinga imani hiyo bila kigugumizi. Inaharibu muziki, kisha inaharibu masikio ya wanaoupiga.

Tuanze na muziki wenyewe. Besi ni nguzo, na kazi ya nguzo ni kushika paa, si kusimama katikati ya sebule ili wageni waikwae. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa hili, ukiachwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Sauti nzito kama hiyo ikizidi kipimo huzifunika zilizo juu yake. Rithim inazama, na maneno ya mwimbaji hayasikiki. Dansi yetu ni muziki wa maneno. Watu hutoka Temeke na Kinondoni kuja kusikiliza kisa. Besi iliyomeza kisa imewaibia kiingilio chao.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kununua amplifaya kubwa zaidi. Hesabu inawakataa. Ukitoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo bendi inateketeza fedha, mpiga solo naye anafungulia sauti ili asipitwe, mpiga dramu anaongeza nguvu, na saa sita ya usiku jukwaa zima ni ugomvi.

Sauti nzuri ya besi hutafutwa kwingine. Anza na mkono: ukipiga karibu na daraja la gitaa, noti inakuwa kavu na ya wazi, ukisogea kuelekea shingo, inanenepa. Tazama nyuzi, zikishachakaa zinapoteza uhai, na hakuna mtambo wa kuzifufua. Kisha tazama spika. Wengi huiweka sakafuni, nyuma ya magoti yao, halafu hulalamika kwamba hawajisikii. Magoti hayana masikio! Inyanyue, au iinamishe ikutazame usoni, wala usiisukumie kwenye kona ya ukumbi, maana kona huongeza uzito na kuondoa uwazi. Mwisho, usikimbilie kuongeza sauti za chini kabisa. Noti ya besi hutambulika zaidi kwa sauti zake za kati, na hizo ndizo zinazopita katikati ya magitaa mengine.

Sasa masikio. Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinyweleo, na kwa binadamu zikifa haziOti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo bendi hufikia bila taabu, zimebaki dakika 15. Sisi tunapiga mpaka alfajiri.

Watasema, "Sisi tumeshazoea." Sikio halizoei kelele, linakufa polepole, na mwenye nalo anakuita kufa huko mazoea. Watasema kuziba masikio ni mambo ya Wazungu. Kathy Peck alikuwa mpiga besi na mwimbaji huko San Francisco. Baada ya onyesho moja la mwaka 1984 usikivu wake uliharibika, na mwaka 1988 akashiriki kuanzisha shirika la H.E.A.R. la kuwaonya wanamuziki wenzake. Chembe zake na zetu ni za namna moja. Watasema vizibo vinaua utamu. Vile vya sponji hupunguza zaidi sauti kali, ndiyo, lakini vipo vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote karibu sawasawa. Pamba ya dukani haikingi kitu.

Lawama yangu kubwa haiwaendei vijana wanaopiga. Inawaendea viongozi wa bendi na wenye kumbi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15, na wateja wapatiwe vizibo. Ni wangapi hapa petu wana hata kipimo cha desibeli? Bendi hununua sare mpya kila mwaka, lakini haina fungu la kumpima masikio mpiga besi wake.

Seremala akipoteza msumeno atanunua mwingine. Mwanamuziki akipoteza sikio hana duka la kwenda, na wengi wetu hatuna pensheni ya kutusitiri uzeeni. Anayekuamuru ufungulie sauti leo hatakuwapo siku utakapoomba wajukuu wako warudie kila neno. Basi punguza sauti ndugu yangu, na umwambie ni kwa nini.