Mita za Mraba: Kiungo Kimoja na Gharama Yake

Miongoni mwetu wapenzi wa lugha imezagaa dhana kwamba Kiswahili cha karatasi ya fundi hakituhusu. Sisi yetu mizani na vina. Yake yeye futikamba na kalamu ya risasi. Dhana hiyo naipinga, na hoja yangu naisimamisha juu ya jambo dogo kabisa: baraza la nyumba, linalopimwa ili mwenyewe ajue fedha atakazotoa.

Tuchukue baraza la mstatili, urefu wake mita 4 na upana wake mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 12. Tukilizungushia ukingo pande zote, ukingo huo ni mita 14. Zege lake, likiwa na unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2. Hapo pana vipimo vitatu vya vitu vitatu mbalimbali. Lakini soma makadirio mengi yaandikwayo mitaani: utakuta mita 14, mita 12, mita 1.2, na pembeni "bei kwa mita". Mita ipi? Mwenye nyumba akiuliza, hujibiwa kwamba ndiyo lugha ya ufundi. Sikubali. Fundi stadi hutofautisha urefu, eneo na ujazo. Asiyevitofautisha kwa maneno humwachia mteja kubahatisha.

Kosa lililoenea zaidi ni kukidondosha kiungo "za". Watu huandika "mita 3 mraba" wakikusudia mita za mraba 3. Kisarufi, hayo si mamoja. "Mita za mraba 3" ni miraba mitatu, kila mmoja una upande wa mita moja. "Mita 3 mraba" humpa msomaji haki ya kuona mraba mmoja ambao kila upande wake ni mita 3, yaani eneo la mita za mraba 9. Kwa vigae vya sentimita 40 kwa 40, eneo la kwanza lataka vigae 19 na la pili 57, kabla ya kuongeza vya kufidia vitakavyokatwa na kuvunjika. Na kibaraza cha mita za mraba 3 kipo, na cha mita za mraba 9 kipo. Akili pekee haitamwokoa msomaji.

Watakuja wanaosema: muktadha hueleza. Nawauliza, muktadha wa nani? Fundi aliyesimama barazani anao muktadha. Mwenye nyumba aliye ughaibuni, anayetumiwa karatasi kwa simu na kutakiwa kutuma fedha, hana ila maneno aliyoandikiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilosomeka nalo ni sawa na kukosa daftari.

Wengine hukimbilia "skwea mita" na "skwea futi", wakidhani neno la kukopa litaleta usahihi. Halileti. Mita moja ni futi 3.28, na wapo wanaolichukua eneo la 12 wakalizidisha kwa 3.28 mara moja, wakapata 39. Eneo lina pande mbili, kwa hiyo huzidishwa mara mbili: mita za mraba 12 ni takriban futi za mraba 129. Anayelielewa neno "mraba" hukumbuka kwamba pande ni zaidi ya mmoja; anayelitamka "skwea" kwa mazoea hana cha kumkumbusha.

Wala tusiambiwe kwamba istilahi hatuna. Shule za msingi za Tanzania zimefundisha eneo, mzingo, mstatili, kipenyo na ujazo kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Kabla ya hapo, wazee wetu walipima kwa shibiri, dhiraa na pima: shibiri mbili dhiraa moja, dhiraa nne pima moja. Hata majina ya sehemu yenyewe ni kipimo. Baraza, ua, behewa, na daka la nyumba ya Lamu havikai mahali pamoja wala havina mipaka mimoja. Daka lina viti vya mawe ubavuni: je, vigae vitapanda juu ya viti hivyo au vitaishia miguuni pake? Tangazo linaloviita vyote "patio" limelifuta swali hilo kabla halijaulizwa, na jibu lake litakuja baadaye likiwa deni.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, si kwa fundi. Ni kwetu. Mshairi akipunguza silabi moja twamwambia shairi lake ni guni, na mjadala hudumu wiki nzima. Lakini kiungo kinapodondoka katika makadirio yanayomtia mjane hasarani, hatusemi kitu. Kama ujuzi wetu wa kuhesabu na kupambanua maneno unaishia kwenye ubeti, basi tumeifanya lugha kuwa pambo la sebuleni.

Basi kila anayejua kuandika amsaidie jirani yake kudai mambo matatu: jina kamili la sehemu inayopimwa, urefu na upana vikiandikwa wazi kama "4 kwa 3", na kipimo kikitajwa kikamilifu, kiwe cha urefu, cha mraba au cha ujazo. Nami, kwa kuwa hapa ni ukumbi wa tungo, naliacha dai hilo katika ubeti:

Fundi usipige chenga, hesabu weka bayana,
Za mraba ukilenga, neno "za" hutolikana,
Baraza ukilijenga, urefu mara upana,
Maneno yakijipanga, gharama zitalingana.